Hati ya Nyumba Isiyotajwa Katika Madai: Uchambuzi wa Kisa cha Usuluhishi Kati ya Wabia Wawili

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nilikisuluhisha mwenyewe. Wahusika wote wawili waliridhia kwa maandishi kitumike kufundishia, kwa sharti kwamba majina, mahali, viwango vya fedha na kila kinachoweza kuwatambulisha viondolewe, na sharti hilo nimelizingatia. Mmoja nitamwita Fundi na mwenzake nitamwita Mhasibu. Hizo ndizo kazi walizozifanya katika ubia wao, na sehemu kubwa ya ugomvi ilitokana na kila mmoja kuiona kazi ya mwenzake kuwa nyepesi.

Ninaposema usuluhishi, namaanisha utaratibu ambao mtu wa tatu asiyeegemea upande wowote huwasaidia wenye mgogoro kufikia makubaliano yao wenyewe, bila kuwa na mamlaka ya kuwaamulia. Mwamuzi, kwa upande wake, husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi, inayowafunga wapende wasipende. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika kisa hiki, kwa maana kilichohitajika kumaliza mgogoro hakikuwa kitu ambacho hakimu au mwamuzi angeweza kukiamuru.

## Chimbuko la mgogoro

Kwa miaka 9 wawili hawa waliendesha karakana ya samani kwa hisa sawa. Fundi alisimamia kazi yenyewe: kuchagua mbao, kupima, kuranda, kuunganisha, kuwafundisha vijana. Mhasibu alishika fedha, mikataba na wateja. Katika mwaka wa 7 walikopa benki ili wanunue mashine kubwa za kupasua na kuranda, na kwa kuwa karakana haikuwa na mali ya kutosha kuwekwa dhamana, Mhasibu aliweka rehani nyumba yake, nyumba ambayo mama yake mzazi anaishi. Mkopo ulikuwa wa miaka 5.

Ugomvi ulianza pale Fundi alipopokea oda kubwa na kuweka malipo ya awali katika akaunti yake binafsi, akieleza kwamba akaunti ya karakana ilikuwa na saini mbili na Mhasibu alikuwa safarini. Mhasibu aliporudi aliliona jambo hilo kuwa wizi. Walibishana mbele ya wafanyakazi, wakaachana kwa hasira, na Mhasibu akaondoka na daftari la wateja lililokuwa na vipimo, anwani na madeni ya kila oda. Miezi 8 baadaye alifungua shauri akidai nusu ya thamani ya mashine na sehemu yake ya faida ya miezi 18. Fundi naye alileta madai kinzani kwamba kuchukuliwa kwa daftari kulimpotezea wateja.

Shauri lilipopangiwa tarehe ya kusikilizwa, tarehe hiyo ilikuwa miezi 7 mbele. Mawakili wa pande zote mbili ndio waliokubaliana kujaribu usuluhishi kwanza, nami nikaombwa kuwa msuluhishi.

## Maandalizi, na nilichokiruka

Nilizungumza na kila wakili kwa simu kwa takriban nusu saa, nikasoma hati ya madai, majibu yake na viambatisho vilivyoonekana kuwa na maana. Nilipanga kikao kimoja cha siku nzima. Mkopo ulitajwa katika mstari mmoja tu wa taarifa ya hesabu, nami sikuomba mkataba wake. Nililiona deni hilo kama jambo la karakana lisilo na ubishi, kwa sababu hakuna aliyelibishia. Lilikuwa kosa langu la kwanza, na gharama yake ilionekana baadaye.

## Kikao cha kwanza

Nilifungua kikao kwa kueleza masharti: kwamba kila mmoja yuko huru kuondoka wakati wowote, kwamba yatakayosemwa humo hayatatumika mahakamani, na kwamba katika vikao vya faragha sitapeleka kwa upande wa pili neno lolote bila ruhusa ya aliyelisema. Sharti hili la mwisho ni kali kuliko linavyotakiwa na baadhi ya kanuni. Sheria ya Kielelezo ya Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa, yaani mfano wa sheria ambao nchi huweza kuuiga, iliyotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2018, inamruhusu msuluhishi kuufahamisha upande wa pili habari alizopewa, isipokuwa pale aliyezitoa alipoweka sharti kwamba zibaki siri. Mimi huligeuza hilo, kwa sababu nimeona watu wanasema mengi zaidi wanapojua kwamba ukimya ndio kanuni na kusema ndio kunakohitaji ruhusa.

Wakili wa Mhasibu alizungumza kwa dakika 20, akirudia hati ya madai karibu neno kwa neno. Alipomaliza niliwaomba mawakili wawaachie wateja wao wazungumze wenyewe. Uamuzi huo una hatari zake, hasa pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, lakini hapa sikuona dalili ya woga. Nilichokiona ni watu wawili waliokuwa wakisemewa kwa muda mrefu mno.

Fundi alizungumza kuhusu mashine. Alieleza jinsi alivyokaa siku tatu akirekebisha kisu cha mashine ya kuranda hadi ubao ukatoka bila alama, na akasema kwamba mashine zikigawanywa karakana imekufa. Mhasibu alimkatiza: “Na mimi niliyekuwa nafunga hesabu hadi saa nne usiku, hilo si kazi?” Fundi akamjibu huku akinitazama mimi: “Mdai aseme daftari liko wapi.” Kabla ya ugomvi, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuwa akimwita dada. Kwa dakika 50 walirushiana shutuma kuhusu akaunti na daftari, na nilipoona sauti zinapanda bila jambo jipya kusemwa, niliwatenganisha katika vyumba viwili.

Wapo wasuluhishi wenye uzoefu wanaoshikilia kwamba wahusika wabaki chumba kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili lolote litakaloeleweka lieleweke na wote kwa pamoja. Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo, hapa kila mmoja alikuwa na jambo ambalo asingelisema mbele ya mwenzake, na bila jambo hilo tusingefika popote.

## Vyumba viwili

Nilianza na Mhasibu. Sikumuuliza anadai nini, kwa kuwa hilo lilikuwa limeandikwa. Nilimuuliza: “Hizo mashine ukishapata nusu yake, utaifanyia nini?”

Alinyamaza kidogo. “Nitaziuza.”

“Na fedha?”

“Nitamalizana na benki.”

Akafungua mkoba na kutoa barua iliyokunjwa mara nne, iliyolegea kwenye mikunjo kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Ilikuwa onyo la benki kwamba rejesho la mwezi limechelewa, na kwamba likiendelea kuchelewa benki itachukua hatua dhidi ya nyumba iliyowekwa rehani. Alikuwa amepokea barua mbili za namna hiyo tangu waachane. Aliamini Fundi anachelewesha makusudi ili amtie hofu aondoe shauri. Mama yake hakujua lolote. Aliniomba nisimwambie Fundi, na sababu yake ilikuwa ya mtu anayejua mapambano: “Akijua panapouma, atabonyeza hapo hapo.”

Kwa Fundi nilikuta picha nyingine. Alikuwa na oda ambazo wateja walishalipa malipo ya awali, mafundi 4 na vijana 2 wanaojifunza kazi. Nilimwomba wakili wake aeleze mbele yake kinachoweza kutokea mahakama ikikubali madai ya Mhasibu, naye akasema wazi kwamba mashine zikiuzwa kwa shinikizo hazitafikia thamani yake, hivyo kila mmoja angepata nusu ya kitu kilichopungua. Kuhusu mkopo, Fundi alisema analipa mwenyewe kila mwezi, ingawa mara mbili alichelewa kwa sababu wateja walichelewa kumlipa. Tangu Mhasibu aondoke hapakuwa na mtu wa kufuatilia madeni. Hakujua kwamba kila anapochelewa barua inakwenda nyumbani kwa mwenzake.

Nilitoka chumbani humo nikiwa na habari mbili ambazo, zikikutanishwa, zingebadilisha shauri zima, lakini sikuwa na ruhusa ya kuzikutanisha.

## Kosa langu la pili

Niliporudi kwa Fundi kwa mara ya pili nilimuuliza kama angekuwa tayari kuahidi kwamba marejesho ya benki yatalipwa kabla ya tarehe. Nilidhani swali hilo ni la jumla. Fundi, ambaye kazi yake ni kuona kasoro ya milimita moja kwenye ubao, alinitazama na kusema: “Kumbe ni nyumba.”

Sikutaja nyumba wala barua, lakini swali lilitaja kwa niaba yangu. Siri huvuja kwa njia hiyo mara nyingi kuliko kwa kutamkwa, kwa sababu msuluhishi huulizia tu lile alilokwisha kuambiwa kwamba ni muhimu, na mtu makini huusoma uzito wa swali.

Nilisimamisha kikao, nikaenda kwa Mhasibu, na kabla ya jambo jingine lolote nikamweleza nilichouliza na alichojibu Fundi. Alikasirika, na alikuwa na haki. Wakili wake alishauri waondoke. Niliwaambia kwamba wana haki hiyo, kwamba ikiwa wanataka msuluhishi mwingine nitawasaidia kumpata, kisha nikatoka nje na kuwaacha peke yao. Nilisubiri ukumbini kwa dakika 20 hivi. Wakili alipofungua mlango, alisema mteja wake ameamua kulisema jambo hilo mwenyewe, ana kwa ana.

Tulirudi chumba kimoja. Mhasibu aliiweka barua mezani na kuisukuma upande wa pili. Fundi aliisoma, akavua miwani, akaivaa tena, akaisoma mara ya pili, kisha akasema: “Dada, barua hizi sikuwahi kuziona.”

Sitaki msomaji ajifunze kutokana na hapo kwamba kuvuja kwa siri kulisaidia. Kilichosaidia ni ujasiri wa Mhasibu. Kama angeondoka, na alikuwa na kila sababu ya kuondoka, kisa hiki kingekuwa kisa cha msuluhishi aliyeharibu.

## Mtu asiyekuwepo mezani

Jioni ile tulikuwa na rasimu nzuri: Fundi abaki na mashine na jina la karakana, amlipe Mhasibu thamani ya hisa zake kwa awamu, auchukue mkopo kuwa wake peke yake, na nyumba iachiliwe. Kila mmoja alikuwa amechoka na alitaka kutia saini. Wakili wa Fundi ndiye aliyetuzuia kwa swali moja: ni nani katika chumba hiki mwenye uwezo wa kuiachilia nyumba?

Hakuwepo. Hati ya nyumba ilikuwa benki, na benki haikuwa sehemu ya usuluhishi. Wabia wangeweza kukubaliana wapendavyo juu ya nani alipe mkopo, lakini makubaliano yao yasingeweza kuifunga benki ambayo haikuyatia saini. Laiti ningesoma mkataba wa mkopo wiki mbili kabla, afisa wa benki angealikwa tangu siku ya kwanza.

Tulichagua kutia saini makubaliano ya muda ya siku 30 badala ya makubaliano ya mwisho. Fundi aliahidi kulipa rejesho siku 5 kabla ya tarehe na kumtumia Mhasibu nakala ya risiti siku hiyo hiyo. Mhasibu aliahidi kurudisha daftari baada ya kulipiga nakala, kila mmoja abaki na moja. Mashine zingethaminiwa na mthamini mmoja waliyemchagua pamoja, na barua moja yenye saini zao wote wawili ingeandikwa benki kumwomba afisa mwenye mamlaka ahudhurie kwa ajili ya hoja hiyo moja tu, baada ya kutia saini ahadi ya kutunza siri.

Afisa wa benki alihudhuria kikao cha pili. Alikataa kuachilia hati bila dhamana mbadala, jambo ambalo lilikuwa haki yake kabisa, lakini alieleza kwamba theluthi ya deni lililobaki ikilipwa kwa mkupuo, benki ingekuwa tayari kupokea mashine zenyewe kuwa dhamana ya sehemu iliyosalia. Fundi aliuza mashine moja aliyokuwa akiitumia mara chache. Haikutosha. Mhasibu ndiye aliyeziba pengo: aliachia dai lake la faida ya miezi 18, na akakubali awamu ya kwanza ya hisa zake iende moja kwa moja benki.

Katika kuandika makubaliano ya mwisho nilikataa kupokea rasimu mbili. Niliandika moja, nikaipitisha kwa kila upande uikosoe bila kuahidi kuikubali, nikairekebisha na kuirudisha. Wamarekani walitumia njia hiyo katika mazungumzo ya amani ya Camp David, makazi ya mapumziko ya rais wa Marekani, mwezi Septemba 1978, ambapo kwa siku 13 ujumbe wa Rais Jimmy Carter ulizunguka na rasimu kati ya Wamisri na Waisraeli badala ya kuwakalisha kila mara uso kwa uso. Faida yake ni kwamba mtu hulazimika kusema ni nini hasa hakimfai, wala hapati nafasi ya kulinda maneno aliyoyaandika yeye.

## Matokeo

Makubaliano yalitiwa saini katika kikao cha tatu. Vikao vyote kwa jumla vilichukua kama saa 14. Wakili mmoja aliuliza kuhusu Mkataba wa Singapore wa Usuluhishi, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 7 Agosti 2019, lakini huo unahusu makubaliano ya kibiashara ya kimataifa, na haya yalikuwa ya watu wa nchi moja. Njia iliyofaa ilikuwa kuyawasilisha mahakamani yasajiliwe kuwa amri ya maridhiano, na ndivyo ilivyofanyika.

Hati ya nyumba ilirudi kwa Mhasibu wiki 11 baada ya saini. Fundi alichelewa awamu moja ya malipo ya hisa. Kifungu cha taarifa ya siku 10 tulichokiweka kilitumika, naye akalipa siku ya 8. Hawakurudi kufanya kazi pamoja, na hilo halikuwa lengo.

## Uchambuzi

Swali la “utaifanyia nini” ndilo lililofungua kisa hiki. Madai yalikuwa mashine. Haja ilikuwa hati ya nyumba. Madai ya mashine yalikuwa ya kugawana, kwa kuwa anachopata mmoja mwingine hukipoteza. Haja ya hati haikuwa hivyo hata kidogo: Fundi hakupoteza chochote nyumba ile ilipoachiliwa, na Mhasibu hakupoteza chochote karakana ilipobaki nzima.

Nimejiuliza mara nyingi kingetokea nini kama shauri lingeendelea. Tuseme Mhasibu angeshinda kila dai. Mahakama ingempa nusu ya thamani ya mashine na sehemu ya faida, lakini benki haikuwa mdaiwa, mkataba wa rehani haukuwa na kasoro yoyote, na karakana iliyokatwa nusu isingeweza kulipa mkopo. Angeshinda shauri, na nyumba ikawa katika hatari kubwa zaidi kuliko kabla ya kushinda. Mwamuzi wa nje ya mahakama naye angekwama pale pale, kwa sababu tuzo yake huwafunga waliokubali kwenda kwake tu. Mwaka 1976 Profesa Frank Sander, mwalimu wa sheria huko Marekani, alitoa hoja kwamba kila mgogoro uelekezwe kwenye mlango unaoufaa, badala ya kuisukuma migogoro yote kwenye mlango mmoja wa mahakama. Hapa mlango uliofaa ulikuwa ule ambao mtu wa nne angeweza kuingia kwa hiari yake, akazungumza na kuondoka.

Mgogoro huu ungekuwa na kutishana, au ungehusu hati zilizoghushiwa, au pande hizi zingehitaji tafsiri ya sheria itakayowafaa na wengine, nisingeshauri usuluhishi. Suala la malipo yaliyowekwa katika akaunti binafsi lilikaribia mpaka huo. Tuliliendea baada ya Fundi kuonyesha taarifa ya akaunti hiyo mbele ya wote, ikionekana kwamba fedha zote zilitumika kununulia mbao za oda ile.

Makubaliano ya muda yalifanya kazi ambayo sikuitarajia. Risiti ya kwanza ilipofika siku 5 kabla ya tarehe, na ya pili vilevile, Mhasibu aliacha kuamini kwamba anacheleweshewa makusudi. Maneno ya kikao cha kwanza yalilainisha, lakini risiti mbili ndizo zilizothibitisha.

Udhaifu mkubwa zaidi wa kazi yangu ulikuwa kabla ya kikao. Siku hizi huuliza kwa maandishi, kabla ya kupanga tarehe, kama yuko mtu au taasisi yoyote ambayo bila ridhaa yake makubaliano hayatatekelezeka, na huomba nakala ya kila mkataba wa mkopo, udhamini au rehani, hata kama hakuna anayeubishia. Aidha, kabla ya kutoka katika kikao cha faragha nikiwa na siri, huandika maswali ninayokwenda kuuliza chumba cha pili na kumsomea aliyenipa siri hiyo, aniambie ni lipi linaloivujisha.

Lipo jambo moja ambalo bado linanisumbua. Mhasibu aliachia dai la faida ambalo hesabu zake hazikuwahi kukaguliwa. Huenda lilikuwa dogo, huenda lilikuwa kubwa. Aliliachia kwa sababu muda ulikuwa unamkimbia yeye kuliko ulivyomkimbia Fundi, na mwenye haraka hulipa zaidi. Niliahirisha kutia saini kwa siku moja, nikamwomba wakili wake amwandikie kwa kukisia kile anachokiachia, asome usiku akiwa peke yake. Asubuhi yake alirudi na karatasi ile ikiwa na saini yake chini, na akaniambia kwamba ameshahesabu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihesabu siku zote.